Kila ndege na ubawa wake: Jinsi ndege wa bustani za wanyama wanavyokingwa dhidi ya baridi kali

KIPUPWE cha Julai kinapotanda katika nyanda za juu za Kenya, wakazi wa Limuru, Kinangop na hata Nairobi hujikunyata ndani ya makoti na kulalamikia baridi ya nyuzijoto 10.

Baridi hiyo si kitu ikilinganishwa na ile ya miji ya kaskazini mwa dunia. Jijini Calgary, nchini Canada, kipimajoto huweza kuteremka hadi nyuzi 25 au hata 30 chini ya sifuri. Maji hugeuka barafu, na theluji hufunika ardhi kwa majuma mengi.

Hata hivyo, katika miji ya aina hiyo mna bustani za wanyama zenye mbuni, korongo taji, kasuku, hondohondo na heroe, ambao wengi wetu huwaita flamingo. Hawa ni ndege ambao asili yao, au asili ya jamaa zao wa karibu, ni nchi za joto kama yetu.

Baridi ikimzidi ndege wa porini, mara nyingi hufunga safari. Ndiyo maana kila mwaka tunawapokea korongo na mbayuwayu kutoka Ulaya, wanaokuja kwetu kukimbia majira ya baridi ya huko.

Ndege wa bustani ya wanyama hana safari hiyo. Wavu umemzuia, na wengine walikatwa ncha ya ubawa wakiwa makinda ili wasiweze kuruka maishani. Kuhama au kukaa, kushiba au kulala njaa, kupona au kufa, yote yamo mikononi mwa binadamu aliyemweka huko.

Je, binadamu huyo humkinga vipi? Wengi watajibu upesi kwamba dawa ya baridi ni moto. Ukweli ni kwamba moto peke yake hautoshi, na ukitumiwa vibaya huua. Ndege wengi huponzwa na unyevu, upepo, njaa ya usiku mrefu na hofu, kabla hawajaponzwa na ubaridi wa hewa yenyewe.

Sweta la maumbile

Ili kuelewa kazi ya watunzaji wa ndege hao, yafaa kwanza kufahamu namna mwili wa ndege unavyojikinga wenyewe.

Joto la mwili wa ndege wengi ni kati ya nyuzi 40 na 42, hivyo wana joto zaidi ya binadamu, ambaye joto lake ni nyuzi 37 hivi. Kudumisha joto hilo kunahitaji chakula kingi, kwani chakula ndicho kuni za mwili.

Kinga ya kwanza ni manyoya. Chini ya manyoya ya nje mna malaika, yaani vinyoya laini vinavyonasa hewa. Ndege akihisi baridi huyatutumua manyoya yake hadi akaonekana kama mpira. Kinachomtia joto ni hewa iliyonaswa humo, kama vile blanketi nene linavyotukinga usiku.

Aidha, ndege wengi wana tezi ya mafuta juu ya mkia. Huchukua mafuta hayo kwa mdomo na kujipaka, hali inayosaidia kuyatunza manyoya yasipenywe na maji kwa urahisi. Manyoya yakichafuka au yakilowa hadi ndani, hewa ile hutoka, na ndege hubaki kama mtu aliyevaa sweta lililoloa. Ni afadhali asingekuwa nalo.

Kinga ya pili imo miguuni. Mshipa unaoteremsha damu moto kutoka mwilini hupita bega kwa bega na ule unaopandisha damu baridi kutoka nyayoni. Damu moto huipasha ile baridi kabla haijarudi kifuani. Kwa njia hiyo, miguu hubaki baridi lakini moyo haupoi.

Ndiyo sababu pia ndege husimama kwa mguu mmoja na kuuficha mwingine tumboni, au huficha mdomo mgongoni. Viungo visivyo na manyoya ndivyo vinavyopoteza joto kwa wepesi.

Kinga ya tatu ni kutetemeka. Misuli ya kifua, ambayo kwa kawaida hutumika kupigia mabawa, hutetemeka na kuzalisha joto. Lakini misuli ikitetemeka usiku kucha, akiba ya mafuta mwilini huyeyuka.

Ukubwa wa mwili nao una maana. Sufuria kubwa ya uji hupoa polepole kuliko kikombe. Vivyo hivyo, mbuni hupoteza joto polepole kuliko chozi au chiriku, ambaye mwili wake mdogo unaweza kumaliza akiba yote kabla ya mapambazuko.

Si kila pengwini ni wa barafu

Kosa analoweza kufanya mtu asiyejua ni kuwaweka ndege wote katika kapu moja. Wahenga walinena kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake, na katika suala la baridi msemo huo ni kweli tupu.

Mfano mwema ni pengwini. Watu wengi hudhani kwamba pengwini yeyote ni mwenyeji wa barafu. La hasha. Pengwini wa Afrika huishi katika pwani za Afrika Kusini na Namibia, ambako hakuna barafu. Katika bustani za nchi za baridi, ndege hawa huhitaji kuingizwa ndani hali ya hewa inapochacha.

Hata wale waliozoea baridi wana kikomo. Mwezi Desemba 2017, bustani ya wanyama ya Calgary iliamua kuwaingiza ndani pengwini wake wa aina ya mfalme baada ya baridi kupita nyuzi 25 chini ya sifuri. Habari hiyo iliwachekesha wengi duniani: pengwini anakimbia baridi!

Sababu ilikuwa ya maana. Pengwini mfalme huishi katika visiwa vilivyo kaskazini ya bara la Antaktika, ambako baridi si kali kama ya barani humo. Isitoshe, kundi hilo lilikuwa na kinda mchanga. Anayestahimili majira ya baridi juu ya barafu ya Antaktika ni binamu yake, pengwini maliki.

Heroe nao ni hivyo hivyo. Kuna aina 6 duniani. Wale tunaowaona Bogoria na Nakuru wamezoea maziwa ya magadi na jua la ikweta. Lakini wapo wengine wanaoishi katika milima ya Andes, Amerika Kusini, kwenye mwinuko unaozidi mita 3,500, ambako maji huganda usiku. Kumtendea heroe wa Andes kama wa Bogoria ni kumkosea, na kinyume chake ni kumuua.

Kwa upande mwingine, wapo ndege ambao hawataki kamwe kuingizwa ndani. Bundi mweupe wa kaskazini na korongo wa kisiwa cha Hokkaido, Japani, wakifungiwa katika chumba chenye moto, hutaabika kwa joto. Hao hutakiwa tu kupata mahali pakavu pa kujisitiri na upepo.

Kwa sababu hiyo, bustani zinazojiheshimu huandika kiwango cha kila aina ya ndege: kipimajoto kikifika hapa, kilango cha nyumba kifunguliwe ili atakaye aingie, kikishuka hadi pale, wote waingizwe na mlango ufungwe.

Wala kipimajoto hakitazamwi peke yake. Siku ya nyuzi 5 yenye mvua na upepo huweza kumdhuru ndege zaidi kuliko siku ya barafu iliyo shwari na yenye jua. Umri na afya pia huzingatiwa. Mzee, kinda na aliyetoka kuugua hutangulia kuingia.

Kosa la nyumba za moto

Maarifa haya hayakupatikana kwa siku moja. Katika karne ya 19, wenye bustani za wanyama barani Ulaya waliamini kwamba mnyama wa nchi za joto ni lazima afungiwe katika nyumba iliyozibwa kila upenyo, huku moto ukiwaka mchana na usiku.

Nia ilikuwa njema lakini matokeo yakawa mabaya. Hewa ilikuwa nzito, chafu na yenye unyevu. Wanyama waliepushwa na baridi ya nje wakafa kwa maradhi ya mapafu ndani.

Mwaka wa 1907, mfanyabiashara wa wanyama Mjerumani, Carl Hagenbeck, alifungua bustani yake karibu na jiji la Hamburg, iliyotumia mahandaki badala ya vyuma. Hagenbeck alishikilia kwamba wanyama wengi wa nchi za joto wanaweza kuzoea baridi wakizoezwa taratibu na wakiwa na makao ya kujisitiri. Mbuni walikuwa miongoni mwa waliotumiwa kuonyesha jambo hilo, wakatembea nje hata wakati wa theluji.

Jijini London, Peter Chalmers Mitchell, aliyekuwa katibu wa chama kinachosimamia bustani ya wanyama ya jiji hilo kuanzia mwaka wa 1903, naye alipigania hewa safi na uhuru wa wanyama kutoka nje.

Leo hii hakuna anayefuata msimamo wa Hagenbeck bila masharti, kwani kuzoea kuna mipaka yake. Hata hivyo, fundisho lake kuu limesalia: joto bila hewa safi ni mtego.

Sayansi imefafanua sababu. Ndege ana vifuko vya hewa vilivyotanda mwilini, mbali na mapafu. Kuvu wa aina ya aspajilasi huota katika nyasi zilizoloa na matandazo machafu, na chembe zake zikivutwa katika vifuko hivyo humea humo kama ukungu juu ya mkate. Pengwini ni miongoni mwa wanaoathirika sana na ugonjwa huu, ambao matibabu yake ni magumu na ya muda mrefu.

Kwa hivyo, nyumba nzuri ya ndege si ile yenye joto jingi zaidi. Ni ile iliyo kavu, isiyopitisha upepo katika usawa wa ndege, lakini yenye matundu ya juu yanayotoa hewa chafu na unyevu.

Vidole kwanza

Mtunzaji mwenye uzoefu hutazama miguu kabla ya kutazama manyoya. Vidole vya ndege, pamoja na upanga na ndevu za aina fulani kama kuku na kanga, ndivyo hushikwa na barafu kwanza. Damu ikiganda vidoleni, nyama hufa, hugeuka nyeusi na hatimaye hukatika.

Heroe na korongo taji wako hatarini zaidi kwa ajili ya miguu yao mirefu isiyo na manyoya, na kwa kupenda kusimama majini.

Kinga zinazotumika ni rahisi. Fito za kutulia hufanywa pana kiasi kwamba ndege akiketi, vidole vyake vinalala bapa na kufunikwa na manyoya ya tumbo. Fito za chuma huepukwa kwa sababu chuma hunyonya joto la mguu. Katika baadhi ya vizimba, fito hutiwa nyaya za umeme zinazozipasha joto la wastani.

Sakafu nayo ina siri yake. Zege tupu ni baridi na ngumu. Ndege mzito akisimama juu yake kwa majuma mengi, nyayo zake huvimba na kupasuka, na vidonda hivyo huweza kupeleka maambukizi hadi mfupani. Ndiyo maana hutandikwa mchanga, mipira laini au maranda, na heroe hutengenezewa kidimbwi cha ndani ili wapumzishe nyayo zao.

Mbuni ana tatizo la pekee. Baridi kavu anaweza kuistahimili kwa muda, lakini barafu ni adui yake. Ndege huyo wa zaidi ya kilo 100, mwenye vidole viwili tu kila mguu, akiteleza na kuanguka huweza kuvunjika mguu, na kwa mbuni mguu uliovunjika mara nyingi huwa hukumu ya kifo. Kwa hivyo siku za barafu hufungiwa zizini, au uwanja humwagiwa mchanga kwanza.

Kuhusu maji, pampu huwekwa zivuruge dimbwi ili lisigande, na vyombo vya kunywea hutiwa vipasha joto. Ndege asiyekunywa hupunguza kula, na asiyekula hana kuni za mwili.

Usiku wa saa 16

Sisi tunaoishi kwenye ikweta tumezoea mchana wa saa 12 na usiku wa saa 12, Januari hadi Disemba. Ndege wetu nao wamezoea hivyo.

Jijini London, mwezi Disemba, mchana haufiki saa 8. Usiku unakuwa wa saa 16. Ndege wengi hawali gizani. Hebu fikiria basi kwezi au chiriku anayetakiwa kushiba kwa saa 8 chakula cha kumvusha saa 16 za baridi.

Hapo ndipo panapodhihirisha kwamba baridi na njaa ni pacha. Ndege anayedhaniwa kufa kwa baridi alfajiri, pengine amekufa kwa kuishiwa na chakula mwilini.

Watunzaji hulitatua jambo hili kwa njia mbili. Kwanza, huwasha taa ndani ya nyumba kabla ya mapambazuko na baada ya magharibi ili kurefusha mchana. Taa hizo hupunguzwa mwangaza polepole, kwani giza la ghafla huwakuta ndege wakiwa hawajafika mahali pao pa kulala, wakagonga kuta.

Pili, huongeza chakula chenye nguvu, na hulisha tena jioni kabla ya giza kuingia. Wanaokosa jua kwa miezi kadhaa hupewa vitamini D katika chakula au taa maalumu zinazotoa miale kama ya jua, ili mifupa yao isilegee.

Jambo jingine ni mizani. Ndege ana tabia ya kuficha ugonjwa, kwani porini anayeonyesha udhaifu huliwa. Akianza kuonekana mgonjwa, mara nyingi ugonjwa umeshakomaa. Manyoya yaliyotutumka huweza kuficha mwili uliokonda. Kwa hivyo, ndege hufunzwa kupanda juu ya mizani kwa kuvutwa na kipande cha tunda au funza, na uzito wake hunakiliwa. Gramu chache zinazopungua kila siku ni kengele ya hatari.

Hofu nayo huua

Kuna kifo kingine kisichofahamika sana. Heroe, korongo na mbuni wakikimbizwa na kukamatwa kwa nguvu, misuli yao huweza kuharibika kutokana na hofu na kuhangaika. Ndege huonekana mzima, kisha baada ya saa au siku chache hushindwa kusimama, na huenda akafa.

Mtunzaji anayesubiri theluji ianguke ndipo aanze kuwafukuza ndege kuingia ndani huwaokoa na baridi na kuwaua kwa hofu.

Kwa sababu hiyo, maandalizi huanza mapema, majani ya miti yangali yanapukutika. Ndege hulishwa ndani ya nyumba kila jioni, kilango kikiwa wazi, hadi wakazoea kwamba humo ndimo mna chakula na usalama. Heroe huongozwa kwa miguu kama kundi la mbuzi, watunzaji wakitembea nyuma yao polepole huku wamenyoosha mikono, bila kelele.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kazi kubwa ya kuwakinga ndege na baridi hufanywa kabla ya baridi kufika.

Maadui wanaofuatana na baridi

Baridi haiji peke yake. Theluji ina uzito, nayo hutua juu ya nyavu za vizimba. Mwezi Februari 1995, uzito wa theluji uliangusha kizimba kikubwa cha ndege wa baharini katika bustani ya Bronx, jijini New York, na baadhi ya ndege wakatoroka. Tangu hapo na kabla ya hapo, kutikisa nyavu ili theluji idondoke, hata usiku wa manane, ni sehemu ya ajira ya mtunzaji.

Adui mwingine ni mbweha. Heroe wengi hukaa katika visiwa vidogo katikati ya dimbwi, na maji ndiyo ngome yao. Dimbwi likiganda, ngome hugeuka daraja. Mbweha huvuka juu ya barafu, na heroe aliyekatwa ubawa hana pa kwenda.

Hatari hiyo si ya kubuni, wala si ya majira ya baridi pekee. Mnamo Mei 2022, mbweha mmoja alitafuna wavu wa chuma katika bustani ya taifa ya wanyama jijini Washington, akaua heroe 25 na bata mmoja kwa usiku mmoja. Kundi zima lilikuwa na heroe 74.

Kisha kuna umeme. Nyumba inayotegemea umeme kwa kila kitu hugeuka jokofu umeme ukikatika. Februari 2021, dhoruba ya baridi ililikumba jimbo la Texas, Marekani, na mamilioni ya watu wakakosa umeme. Kituo kimoja cha kuhifadhi nyani na sokwe katika eneo la San Antonio kilipoteza wanyama kadhaa. Ingawa hao hawakuwa ndege, funzo ni lile lile: jenereta isiyojaribiwa kabla ya dhoruba si jenereta.

Hatimaye, moto wenyewe ni adui. Mapafu ya ndege hunyonya hewa kwa wepesi mno, na sumu kidogo isiyomdhuru mtu huweza kumuua ndege. Moshi, gesi ya kaboni monoksidi, na hata mvuke wa utando ule unaopakwa vikaango visivyogandisha chakula, ambao pia hupakwa baadhi ya balbu za kupashia joto, vimewahi kuua ndege waliokuwa wanatiwa joto.

Usalama au uhuru?

Baada ya yote hayo, linabaki swali ambalo halina jibu jepesi. Ikiwa ndani ni salama, mbona ndege wasifungiwe humo msimu mzima?

Swali hili lilipata uzito wakati wa mlipuko wa homa ya ndege. Nchini Uingereza, serikali iliamuru ndege wote wanaofugwa katika eneo la England wawekwe ndani kuanzia Novemba 7, 2022, na amri hiyo ikaondolewa Aprili 2023. Bustani nyingi za Marekani nazo ziliwaingiza ndege wao ndani mwaka huo wa 2022.

Waliokaa ndani muda mrefu waliepushwa na virusi, lakini kifungo kina gharama yake. Nyayo hupata vidonda, ndege hupigana kwa kubanana, na wenye akili nyingi kama kasuku hujing'oa manyoya kwa upweke na uchovu. Kasuku aliyejing'oa manyoya, ndiye huyo huyo asiye na kinga baridi ikija.

Wataalamu wengi wa ufugaji huu huegemea njia ya katikati: ndege apewe nafasi ya kuchagua kila inapowezekana. Mlango uwe wazi mchana jua likiwaka hata kama kuna theluji, ndani kuwe na joto, naye aende atakako. Mlango ufungwe tu pale ambapo chaguo lake linaweza kumuua.

Wapo pia wanaouliza kama ni haki kumweka ndege wa ikweta mahali ambapo anahitaji umeme ili aione asubuhi. Wanaotetea bustani hizi hujibu kwamba baadhi ya ndege wanatoweka porini. Korongo taji wetu, kwa mfano, ametajwa kuwa katika hatari ya kuangamia tangu 2012, na pengwini wa Afrika akatangazwa mwaka wa 2024 kuwa ukingoni kabisa mwa kutoweka. Kundi lililo salama mahali pengine, wasema, ni akiba.

Hoja hiyo ina mashiko, lakini haimfutii mtu deni. Aliyemwondolea ndege uwezo wa kuhama amejitwika jukumu la kuhama kwa niaba yake, kila jioni, kila majira ya baridi, hadi mwisho wa uhai wa ndege huyo.

Funzo kwa mfugaji wetu

Msomaji anayefuga kuku Limuru au Nyahururu anaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya ng'ambo. Sivyo. Kanuni zinazomwokoa heroe wa Calgary ndizo zinazomwokoa kifaranga wa Kinangop.

Kifaranga wa juma la kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha hupunguziwa takriban nyuzi 3 kila juma hadi aote manyoya. Wafugaji wengi hulijua hilo, wakaingiza jiko la makaa, wakaziba kila dirisha kwa magunia. Asubuhi huwakuta vifaranga wamekufa wakalaumu baridi, ilhali aliyeua ni gesi ya jiko. Mtu anayelala humo kuwalinda yumo hatarini vilevile.

Matundu ya hewa yaachwe juu ya kuta. Maranda yaliyoloa yatolewe kila siku. Upepo uzibwe chini, mahali vifaranga walipo. Chakula na maji yasikosekane jioni. Vifaranga wenyewe watatoa ripoti: wakirundikana chini ya chanzo cha joto wanahisi baridi, wakikimbilia kuta huku wakihema, joto limezidi, wakitawanyika na kula kwa utulivu, mambo ni shwari.

Kutazama huko ndiko kiini cha kazi hii, iwe ni kwa mbuni wa maelfu ya dola au kifaranga wa soko la Wakulima. Kipimajoto hutoa nambari, lakini ndege ndiye hutoa jibu.